Safu ya Pili

Barua ya mwalimu ilikunjwa mara nne
ndani ya kadi ya kliniki ya Twalibu:
"Mtoto haongei. Acheni kilugha nyumbani."
Zuhura aliitii kama anavyotii dozi,
asubuhi, mchana, jioni, bila kuruka.

Nami niliyepanda Newala na sanduku langu la picha,
ukungu ukiwa bado umelalia paa la kituo cha afya,
nikapiga mstari katikati ya fomu, kwa mazoea,
nikajaza upande mmoja tu.
Tufaa. Akaniangalia.
Treni. Akaangalia dirisha.
Kuku. "Tutu," akasema,
akaurudisha mkono mapajani
kama aliyebanwa kidole na mlango.

Maneno kumi na moja. Miaka minne na nusu.
Nilishaanza kuandika neno lile zito,
ambalo likiingia kwenye faili halitoki,
ndipo benchi la nje likakohoa.

Bi Somoe alikuwa hapo tangu saa moja
na kikapu cha ming'oko ya kuchemsha.
Hakuingia. Zuhura akaeleza, macho chini:
"Mama Kiswahili hakimtoshi.
Tangu ile barua, mtoto akiwepo, ananyamaza."

Miezi saba.
Miezi saba bibi anapepeta, anasonga, anamwogesha mjukuu
kwa ishara za mkono,
ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe,
ili mjukuu apate kusema.

Sikuwa na la kujibu. Mimi ni mtu wa Korogwe,
Kimakonde changu kinaishia kwenye salamu
na hata hiyo naipinda.
Nikafungua mlango.

Akaingia na ubaridi wake, akaketi sakafuni,
akatoa mng'oko, akaumenya. Hakuuliza "hii nini?"
Alisema jambo refu, lenye kupanda na kushuka,
na Twalibu akajibu.
Medi. Ing'ande. Imbudi, na alichokula huyo mbuzi,
na nani alimpiga,
na kwa nini haikuwa haki.
Zuhura ananifasiria, anacheka, anajifuta macho kwa ncha ya khanga,
kalamu yangu inakimbia ng'ambo ya mstari
ikiandika isivyojua kuendeleza.

Kisha kuku akakatiza kwenye habari ile.
"Ing'utu," mtoto akasema.
Nikaweka kalamu chini.
Tutu. Ing'utu.
K imepotea huku, na kule pia imepotea.
Basi tatizo ni hilo, dogo kiasi hicho:
ulimi unagonga mbele badala ya nyuma.

Na "nti", na "ntoto", zilizopigwa wino mwekundu?
Hizo haziumwi. Ndivyo watu wa hapa wasemavyo;
daktari wa zamu mwenyewe kaniambia asubuhi ile,
"Nlango huo, dada, urudishie, baridi."

Nikaigeuza barua, nikaandika mgongoni:
Semeni naye, nyote, kwa lugha mnayoitumia kuota.
K tutaitafuta pamoja. Asukutue koo kwa maji,
akoromee dari, akohoe kama jongoo la babu limemkwama.
Msimwambie "sema vizuri". Mjibuni alichosema.
Nilitaka kuongeza neno kali kwa mwalimu.
Nikakumbuka safu yangu tupu, nikatia sahihi tu.

Mwezi uliofuata bado ilikuwa tutu.
Lakini Bi Somoe aliingia bila kuitwa,
akavuta kiti, akaisahihisha salamu yangu
mara moja, mara mbili,
na ya tatu ikamshinda, akacheka mpaka akashika ukuta.
Twalibu alinitazama mdomoni kwa makini,
kichwa upande, mikono nyuma,
kama mimi ninavyofanya.
"Tena," akaniambia. "Polepole."